Shajara ya mradi: seva ya studio Kisumu, na diski ya TB 3 iliyojisoma GB 349

Jumatatu

Kwa wale wanaingia saa hii, mradi ni huu. Kuna studio ya picha na video hapa Kisumu upande wa Kibuye, wanashuti harusi, nyombo (sherehe za mahari za Waluo), matanga, kwaya, graduesheni, kila kitu. Mzee mwenye studio amechoka na ile mambo ya vijana kubebana na diski za USB kwa mfuko wa suruali, anataka video zote zikae kwa seva moja na kila mtu wa kuediti azifikie kwa mtandao wa ndani. Tukapata desktopu ya zamani yenye nafasi ya kutosha ya SATA, nikaweka Ubuntu Server kwa SSD ndogo, hiyo sehemu haikuwa na story.

Story ni diski. Ile kubwa yao, TB 3, ndiyo iko na kazi za miaka, na kesi yake ya USB imekufa wakati stima ilikuwa inapanda na kushuka. Ukichomeka taa inawaka lakini kompyuta haioni kitu. Lakini ndani ya hizi kesi mara nyingi huwa ni diski ya SATA ya kawaida tu na kabodi kadogo ka kugeuza SATA iwe USB, kwa hivyo tukafungua, tukatoa diski, nikaichomeka moja kwa moja kwa mazabodi. Ikawaka, BIOS ikaiona, haina kelele ya ajabu. Nikachapa lsblk, amri ya kuorodhesha diski na sehemu zake:

sdb        2.7T disk
└─sdb1   349.3G part

Diski yenyewe iko sawa, TB 3 za dukani ni TiB 2.7 hivi kwa hesabu ya Linux, lakini patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kuweka faili, inasema GB 349. Mzee amesimama nyuma yangu, anajua kusoma namba vizuri sana huyu mzee, akaniuliza, "Fundi, hizo zingine zimeenda wapi?" Nikamwambia jaduong' ngoja kwanza, kaa hapo, hatujaguza kitu bado.

Nikajaribu kumaunti, yaani kuifungua ili nione faili, ikakataa, ikalalamika kuhusu superblock mbaya, ile rekodi ya mwanzoni inayoeleza mfumo wa faili. blkid, ile ya kutambua mfumo wa faili, kwa sdb1 haisemi chochote, kimya kabisa. Halafu kijana mmoja wa studio akasema ooh jana kabla kesi ife alikuwa ameichomeka kwa ile mashine ya Windows ikamuuliza kama anataka kufomati. Akabonyeza hapana. Huyo kijana anunuliwe soda.

Kitu cha kwanza nimefanya baada ya hapo ni kufunga mlango:

blockdev --setro /dev/sdb

Hii inaambia kerneli hii diski ni ya kusoma tu, hata mtu akichapa upuzi haiandikwi. Inapotea ukiriboti lakini kwa sasa inatosha. Kuna rafiki yangu wa Nakuru nilimpigia, akasema piga fsck, ile ya kurekebisha mfumo wa faili, nikakataa. Ukipiga e2fsck kwa patisheni kama hii inakwambia magic namba, ile alama ya kutambulisha mfumo wa faili, ni mbaya na inakupendekezea ujaribu superblock ya akiba, -b 8193 ama -b 32768, na ukiwa na wasiwasi unafuata tu. Lakini hizo namba zinahesabiwa kutoka mwanzo wa patisheni, na kama mwanzo wenyewe uko mahali si pake basi utatafuta superblock kwa shamba la jirani. Swali la kwanza si mfumo wa faili umeharibika vipi, swali ni hii patisheni inaanzia wapi.

Jumanne

fdisk -l /dev/sdb. Meza ya patisheni ni dos, yaani ile ya zamani ya MBR, patisheni moja, mwanzo sekta 256, urefu sekta 732566272. Na juu kabisa fdisk inasema sekta ya hii diski, kale kapande kadogo ka kupimia, ni baiti 512, na zote pamoja ni 5860533168.

Nikaangalia hiyo 256 kwa muda. Siku hizi karibu kila programu ya kugawa diski inaanzisha patisheni ya kwanza kwa sekta 2048, juu sekta 2048 za baiti 512 ni MiB 1 kamili. 256 unaipata tu kama programu ilikuwa inatafuta hiyo hiyo MiB 1 lakini sekta ni za baiti 4096. 256 mara 4096 ni 1048576. MiB 1, bila hata baiti moja kuzidi.

Sasa nikataka ushahidi, sio kubahatisha. Laptopu ya kuediti ya studio iko na Ubuntu na hiyo diski imekuwa ikichomekwa hapo kila siku, na Ubuntu huwa inahifadhi logi za zamani, so nikachapa journalctl -g 'logical blocks' na hii hapa ikatoka, mstari wa miezi iliyopita wakati kesi bado ilikuwa hai:

[sdb] 732566646 4096-byte logical blocks: (3.00 TB/2.73 TiB)

Na kwa seva, diski ile ile, leo:

[sdb] 5860533168 512-byte logical blocks: (3.00 TB/2.73 TiB)

Gawanya hiyo ya pili kwa 8 unapata ya kwanza, kamili. Diski ni moja, saizi ni moja, kilichobadilika ni kipimo. Kabodi ka USB kalikuwa kanaambia kompyuta kwamba sekta ni baiti 4096, na diski yenyewe ikiongea kwa mdomo wake inasema 512. Meza ya MBR haiandiki baiti, inaandika idadi ya sekta peke yake, haisemi sekta ni kubwa aje. Ni kama mtu wa Kibuye amekuandikia mahindi 256 akimaanisha debe na wewe umepima kwa gorogoro, na debe si ni kama gorogoro nane. Ndio maana patisheni imekuwa moja kwa nane ya ile ya ukweli, TiB 2.7 imekuwa GB 349, na mwanzo umevutwa nyuma hadi KiB 128 ambapo hakuna kitu.

Mbona watengenezaji walifanya hivyo? MBR inaandika namba ya sekta kwa biti 32, kwa hivyo na sekta za 512 mwisho wako ni TiB 2. Windows XP ya kawaida ya biti 32 haikujua GPT, ile meza mpya isiyo na hicho kikomo, na watu walikuwa wanataka kuuziwa diski za TB 3 na bado wako na XP. Ukidanganya kwamba sekta ni 4096, MBR ile ile inafika TiB 16. Ujanja mzuri tu, mpaka siku kesi inakufa.

Jumanne usiku

Kuhakikisha. Kama ni ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, na inaanzia MiB 1, superblock inakaa baiti 1024 baada ya hapo, yaani sekta 2050 kwa hesabu ya 512, na ndani yake kwa nafasi ya 0x38 lazima kuwe na 53 ef, alama ya ext4.

dd if=/dev/sdb bs=512 skip=2050 count=1 | hexdump -C

Mstari wa 00000030, katikati: 53 ef. Nilipiga kofi moja hapo mezani na mzee akaamka kwa kiti.

Halafu nikamaunti bila kuguza meza ya patisheni hata kidogo:

losetup -r -o 1048576 --show -f /dev/sdb
mount -o ro,noload /dev/loop0 /mnt/zamani

Hiyo -o 1048576 inaambia losetup ruka MiB 1 kwanza. noload ni muhimu, juu diski ilikatwa stima ikiwa inaandika, kwa hivyo jono ya ext4 (daftari la maandishi yanayongoja) iko na kazi haijamaliza, na bila noload ext4 itataka kuandika kwanza ndio imaunti, itakuta diski imefungwa itakataa. Ukiweka noload inamaunti hivyo hivyo.

ls. Mafolda yote. Mzee akaniambia fungua ile ya 2016, matanga fulani ya Bondo, familia wamekuwa wakimsumbua, ikafunguka na sauti ikatoka. Akapiga simu hapo hapo saa nne usiku.

Kuna watu wangesimama hapa waseme imepona. Mimi nasema hapana, kumaunti kwa losetup kila mara seva ikiwaka ni kujitafutia, na kurekebisha meza kabla ya kuwa na kopi ni kucheza kamari na matanga ya watu. Kwanza bakapu.

Alhamisi

Diski ya bakapu, TB 4, mzee aliinunua mtumba hapa taoni, ilitoka kwa seva ya ofisi fulani. smartctl -a, ile ya kusoma afya ya diski, nikaangalia, imewaka masaa mengi sana lakini sekta zilizohamishwa ni 0 na zinazongoja ni 0, kwa bakapu inafaa.

TB 4 imepita TiB 2, so ni GPT moja kwa moja, hakuna kufikiria. fdisk /dev/sdc, g, n, enter enter enter, w. Na hapo ikaleta ile kitu:

Re-reading the partition table failed.: Device or resource busy

Meza imeandikwa kwa diski lakini kerneli bado inatumia ile ya zamani. Inakwambia uriboti ama upige partprobe. partprobe ikakataa kwa sababu ile ile. Nikariboti, ikarudi, sdc1 haionekani. Hapa watu wengi huwa wanariboti tena na tena wakidhani ni uchawi. "Busy" inamaanisha kuna mtu ameshika, basi tafuta nani ameshika. Haijamauntiwa, swap sio, LVM sio. Lakini lsblk ilikuwa inaonyesha kitu chini ya sdc ambacho mimi sikuweka:

sdc        3.6T disk
└─md127    0B   md

cat /proc/mdstat, md127, inactive, sdc peke yake. Hii diski ilikuwa memba wa RAID, kundi la diski zinazofanya kazi kama moja, huko ilikotoka, na alama ya RAID bado iko. Aliyeuza alifomati haraka haraka kwa Windows, lakini metadata ya mdadm, programu ya RAID ya Linux, ya toleo la 0.90 inakaa karibu na mwisho wa diski, fomati ya haraka haifiki huko, wala ile dd ya kufuta MB chache za mwanzo ambayo kila mtu hupenda. Ile ya 1.2 inakaa KiB 4 kutoka mwanzo, hiyo dd ingeiua. Kila Ubuntu ikiwaka mdadm inaona alama, inasema huyu ni wetu, inaishika diski nzima inangoja wenzake ambao hawatakuja.

mdadm --stop /dev/md127
wipefs /dev/sdc

wipefs bila -a haifuti kitu, inaorodhesha tu alama zote iliyoziona na mahali zilipo, mimi huwa naianza hivyo kila mara. Ikaonyesha linux_raid_member huko mwisho mwisho, na gpt yangu. Nikapiga mdadm --zero-superblock /dev/sdc, halafu wipefs -a ndio nianze upya na diski safi, halafu fdisk tena, na safari hii kerneli ikasoma meza bila kelele. mkfs.ext4, imeisha.

Mniulize mbona situmii parted. Parted ni nzuri kwa skripti, lakini ukichapa amri inaandikwa hapo hapo, hakuna kurudi. fdisk inakuachia ucheze, uchape p uangalie, na hakuna kitu kimeguswa mpaka uchape w. Kwa diski ya mtu mwingine mimi nataka hiyo nafasi ya kubadilisha mawazo. Na ukitumia parted, mwanzo andika 0% sio 0, itakupangia yenyewe bila kulia kuhusu mpangilio mbaya wa sekta.

Wikendi

Kukopi. rsync -aHAX ndani ya tmux (inaendelea hata ukifunga dirisha), usiku kucha. Stima ikapotea alfajiri na mvua ya ziwa, ikarudi, nikapiga rsync ile ile ikaendelea pale ilipoachia. Baadaye nikapitisha tena na -c isome kila faili pande zote mbili ilinganishe, hiyo ni pole pole sana lakini ndio inakupa usingizi.

Jumatatu tena

Sasa kurekebisha diski yenyewe. Hesabu kwanza kwa karatasi. Mwanzo 256 × 8 = 2048. Urefu 732566272 × 8 = 5860530176. Sekta ya mwisho basi ni 5860532223. MBR kwa sekta za 512 haiwezi kuandika huo urefu, kikomo chake ni 4294967295, kwa hivyo lazima iwe GPT.

GPT iko na shida yake, inaweka kopi ya meza mwisho wa diski, sekta 33 za mwisho kabisa. Kama patisheni ya zamani ingekuwa imejaza diski mpaka sekta ya mwisho, ningekuwa naandika GPT juu ya mkia wa mfumo wa faili, na ingebidi niupunguze kwanza na resize2fs. Lakini aliyegawa hii diski alitumia GParted, ambayo inakata mwisho kwa MiB kamili, ikaacha sekta 944 tupu pale mkiani. Tunaingia.

Kabla ya hapo nikapima kitu kimoja kingine. dumpe2fs -h kwa ile loop inasema mfumo wa faili una bloku 732566272 za baiti 4096. Namba ile ile iliyo kwa meza ya zamani. Kwa hivyo patisheni yangu mpya lazima itoshee bloku hizo kamili, na 5860530176 gawa kwa 8 ndio hiyo hiyo. Hesabu zikikutana kutoka pande mbili ambazo hazijuani, mimi huwa naacha kutetemeka.

umount /mnt/zamani, losetup -d /dev/loop0, blockdev --setrw /dev/sdb. Halafu akiba ya meza ya zamani, sfdisk -d /dev/sdb kwa faili moja, na MiB ya kwanza yote kwa dd kwa faili lingine, zote zimekaa kwa SSD, sio kwa diski yenyewe jamani. Na nikaangalia ls -l /dev/disk/by-id nilinganishe namba ya serial na ile ya kibandiko, juu baada ya kuriboti herufi huwa zinabadilishana na sdb ya jana inaweza kuwa sdc ya leo.

fdisk /dev/sdb, g, n, namba 1, mwanzo 2048, mwisho 5860532223. Na hapo inauliza swali moja ambalo ndilo sababu ya mimi kuandika hii shajara yote:

Partition #1 contains a ext4 signature.
Do you want to remove the signature? [Y]es/[N]o:

Jibu ni N. Ukibonyeza Y kwa mazoea ya enter enter, fdisk itafuta alama ya ext4 ukichapa w, na utarudi kutafuta superblock za akiba. Lakini pia hilo swali ni habari njema, fdisk yenyewe imeenda mahali nilipoiambia patisheni inaanza na imekuta ext4 hapo. Kama isingeuliza ningechapa q nitoke.

N, p, nikasoma, mzee akasoma pia na miwani, w.

lsblk: sdb1 2.7T. e2fsck -f -n kwanza, hiyo ya kuangalia tu, ikalalamika kuhusu jono ambayo haijamaliza, kawaida. Halafu e2fsck -f yenyewe, jono ikachezwa, pasi zote tano zikapita safi.

Mengine ya haraka. tune2fs -m 1 /dev/sdb1, juu ext4 huwa inawekea root asilimia 5 na kwa TB 3 hiyo ni kama GB 150 zimekaa bure kwa diski ya video. Kwa fstab, faili la diski za kumauntiwa seva ikiwaka, nimetumia UUID (namba ya kipekee ya mfumo wa faili) na nimeongeza nofail kwa diski zote mbili, bila hiyo diski moja ikikosa kuamka seva inangoja sekunde 90 halafu inaangukia kwa modi ya dharura, na mzee hana kibodi wala skrini kwa hiyo mashine. Samba, ile ya kushea faili kwa mtandao, imekubali, vijana wameanza kuediti harusi ya Jumamosi moja kwa moja kutoka kwa seva.

Kilichobaki: studio iko na diski zingine mbili za nje. Nimezichomeka zikiwa bado kwa kesi zao nikapiga

lsblk -o NAME,SIZE,LOG-SEC,PHY-SEC

moja inasema 512, hiyo haina wasiwasi siku yoyote. Ile nyingine, ndugu ya hii, inasema 4096. Nimebandika selotepu juu yake, nikaandika na maka pen nyekundu 4096, mwanzo 256, na urefu, na faili la sfdisk -d limeenda kwa seva. Wiki ijayo tunakopi vitu vyake kwa mtandao ikiwa bado ndani ya kesi, halafu ndio bisibisi.